Mageuko Yamo Ndani ya Damu Yako

(Mazungumzo haya yalitolewa na mwelimishaji wetu wa afya kwa wanafunzi wa sekondari wilayani Rungwe. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa.)

Nimeombwa niwaeleze tulisoma nini chuo kikuu katika masomo matatu: mageuko ya viumbe, jenetikia na sayansi ya mazingira. Lakini nianze na karatasi zenu za maswali, maana nyingi zinauliza jambo lile lile: "Dada, ni kweli mtu alitoka kwa nyani?"

Hapana, si kwa nyani hawa mnaowafukuza kwenye mahindi. Sayansi inasema sisi na wao tuna wahenga wa pamoja wa zamani mno, kama wewe na binamu yako mlivyo na babu mmoja. Wewe hukutoka kwa binamu yako, sivyo? Darasani kwetu walikuwemo wanakwaya na Waislamu wa swala tano. Swali la nani aliumba dunia walilipeleka kanisani na msikitini. Maabara tulihesabu inzi. Ndiyo, inzi! Wale wadogo wa kwenye ndizi zilizoiva sana. Unawazalisha chupani, kisha unahesabu wangapi wana macho mekundu na wangapi meupe. Kwa hiyo wewe unayechagua Biolojia ili uikimbie Hisabati, pole, itakufuata huko huko.

Tuache inzi, twende kwa mbu. Wazazi wenu wanaikumbuka klorokwini, ile chungu iliyowafanya watu wajikune usiku kucha. Ilitibu malaria miaka mingi, halafu ikaanza kushindwa. Mwaka 2001 Tanzania ikaiacha ikachukua SP. Nayo ikachoka, na mwishoni mwa 2006 ikaja dawa mseto, yaani ALU. Kwani dawa zilichakaa kiwandani? La. Katika mamilioni ya vimelea vilivyomo ndani ya mgonjwa mmoja, vichache huwa na kinasaba tofauti kidogo. Dawa inaua vingine, hivyo vinabaki, vinazaana, mbu anavisambaza. Baada ya miaka hivyo ndivyo vingi. Hayo ndiyo mageuko, jamani. Hakuna kimelea kilichokaa chini kikajifunza kuizoea dawa. Vilivyopona ndivyo vilivyoacha watoto.

Sasa angalieni majirani zetu, hapo tu ng'ambo ya mto Songwe. Malawi iliacha klorokwini mapema, mwaka 1993. Mwaka 1992 vimelea vyenye kinasaba cha usugu vilikuwa 85 katika kila 100 vilivyopimwa. Mwaka 2000 vilikuwa 13 tu. Baadaye watafiti wakaijaribu tena klorokwini kwa watoto wa Blantyre, na matokeo yakatolewa mwaka 2006: kati ya watoto 80, ilishindwa kwa mmoja. Kubeba usugu ni kama kubeba mwavuli mzito. Mvua ikinyesha unakuokoa, mvua ikiisha ni mzigo, na asiyeubeba anakupita.

Msinielewe vibaya, sisemi mkaitafute klorokwini! Nasema ALU ni vidonge vya siku tatu, na unamaliza vyote hata kama siku ya pili tayari unacheza mpira. Pima kwanza, usimeze kwa kubahatisha, wala usimgawie mdogo wako. Mkoani Kagera vimeshaonekana vimelea vyenye kinasaba kinachopunguza kasi ya dawa hii. Akiba ya dawa nyingine si kubwa.

Karatasi hii nimeisoma mara mbili. "Mdogo wangu anaumwa mifupa kila mara, macho ni ya manjano. Majirani wanasema mama yetu ndiye anayemroga. Baba ameondoka."

Siwezi kumpima mtoto kwa karatasi. Lakini dalili hizo zinafanana na za ugonjwa wa selimundu, na kipimo cha damu hospitalini kitaonyesha. Kila mtu ana nakala mbili za kinasaba cha himoglobini, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala moja ya selimundu kwa kawaida ni mzima, hata hajui kama anayo. Wazazi wote wawili wakiwa hivyo, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya mtoto kupata nakala zote mbili na kuugua. Kila mimba ni bahati mpya, haihesabu waliotangulia. Kwa hiyo mama hakuloga, na hakuleta ugonjwa peke yake. Baba naye alitoa nusu yake.

Kwa nini kinasaba kinachoumiza hakikuisha zamani? Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba wenye nakala moja wana kinga dhidi ya malaria. Alikikuta kwa wingi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, penye mbu, na kwa uchache nyanda za juu zenye baridi. Fikirini tofauti ya hapa kwetu na kule chini Kyela. Ila mgonjwa mwenye nakala mbili hana kinga hiyo, malaria inaweza kumuua. Alale kwenye chandarua, anywe maji ya kutosha, asikose kliniki. Siku hizi kuna haidroksiurea, inapunguza maumivu sana.

Mazingira nitayagusa tu. Mwaka 2003 watafiti waliona kwenye msitu wa mlima Rungwe nyani ambaye wazee wenu walimjua siku zote: kipunji. Vinasaba vya mmoja aliyefia kwenye mtego wa mkulima vilionyesha ni ndugu wa karibu wa nyani wa kawaida, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Jina la mlima wenu limo kwenye vitabu vya dunia nzima! Lakini ushoroba wa Bujingijila, unaounganisha msitu wa Rungwe na ule wa Livingstone, ni mwembamba. Ukikatwa wote, kipunji wataoana ndugu kwa ndugu, na mnajua sasa nakala mbili zinafanya nini.

Anayetaka masomo haya achukue PCB au CBG. Kituo cha utafiti cha NIMR kiko hapa hapa Tukuyu; mwombeni mwalimu awapeleke. Na mwenye ile karatasi, mwambie mama ampeleke mtoto kupimwa wiki hii. Kama baba anapatikana, naye akapime.

Haya, naona mikono. Wewe wa nyuma, anza.