Usalama wa Mtandao na Fedha za Miradi: Maneno ya Mratibu kwa Kamati za Sharika



Nimeombwa niseme juu ya usalama wa mtandao. Najua baadhi yenu mnajiuliza jambo hilo linahusianaje na visima na ada za yatima. Mwaka juzi mfadhili wetu mmoja alipokea barua pepe yenye jina langu, ikisema tumebadili benki, na fedha za kisima zitumwe kwenye akaunti mpya, tena katika nchi nyingine kabisa. Mimi sikuiandika. Mhasibu wao alishangaa, akanipigia simu. Tulinusurika kwa simu hiyo tu, na kusema kweli usiku ule sikupata usingizi.

Wengine hawakupiga simu. Mwezi Julai 2024 kampuni moja ya biashara huko Singapore ilipata barua ya namna hiyohiyo, kana kwamba imetoka kwa muuzaji wake. Anwani ilitofautiana kidogo tu na ile ya kweli. Tarehe 19 kampuni ikatuma dola za Marekani milioni 42.3 kwenye akaunti iliyoko Timor-Leste. Siku nne baadaye ikagundua kuwa muuzaji halisi hajalipwa.

Polisi wa Singapore hawana mamlaka juu ya benki ya Timor-Leste. Walipitia Interpol, yenye utaratibu wa nchi kuombana msaada wa haraka wa kuzuia malipo. Tarehe 25 dola milioni 39 zikazuiwa. Watu saba walikamatwa, na zaidi ya milioni 2 nyingine zikapatikana. Angalieni tarehe hizo: siku mbili tu tangu taarifa itolewe.

Mikataba nayo ipo. Ule wa Budapest wa 2001 unaitaka kila nchi mwanachama iwe na ofisi ya mawasiliano inayopatikana saa 24, siku zote za wiki. Ule wa Umoja wa Afrika ulipitishwa Malabo mwaka 2014, lakini ulianza kutumika Juni 2023, kwa kuwa nchi 15 za kuuridhia zilichukua miaka karibu tisa kupatikana. Mimi naona hiyo ni aibu kwetu, lakini tuendelee.

Ombi langu ni hili. Kila usharika wenye mradi uchague watu wawili, na namba zao za simu ziandikwe kwenye mkataba wa mradi. Nanyi wageni mtupe zenu. Barua yoyote ya kubadili akaunti, hata ikiwa na muhuri na sahihi yangu, isifanyiwe kazi mpaka simu ipigwe kwa namba iliyo kwenye mkataba, siyo ile iliyoandikwa ndani ya barua. Na fedha zikiwa zimekwisha kutumwa, msione haya wala msisubiri kikao. Benki na polisi waambiwe siku hiyohiyo, huku na kule.

Fomu za namba ziko mezani kwa katibu. Tafadhali msiondoke kabla ya kuzijaza.