Jiji Linapoomba Ruzuku ya Ushauri wa Makazi: Tuombe Nini, kwa Ajili ya Nani?



Nimeombwa nizungumzie namna jiji la Marekani linavyoweza kuomba ruzuku ya serikali kuu kwa ajili ya huduma ya ushauri wa makazi, na nafasi ya Waswahili wenzetu katika ombi hilo. Nitaanza na hoja yenyewe ili mnipime nayo tangu mwanzo: ruzuku iombwe kupanua huduma ambayo jiji limekwisha kuianzisha kwa fedha zake. Jiji linalosubiri ruzuku ndipo lianze, huanza upya kila mwaka, na anayeumia ni mama aliyeshika barua ya mahakama akiambiwa ofisi imefungwa.

Wengi wetu tumezoea dalali na wakili. Mshauri wa makazi si mmoja wao. Hauzi nyumba wala hakopeshi. Anakaa na mtu mezani, anafungua naye bahasha moja baada ya nyingine, anajumlisha kipato na matumizi, anamwambia bila kumficha kama nyumba anayoitamani ataimudu. Anasoma naye mkataba wa pango kabla hajatia saini. Mwenye mkopo akichelewa kulipa, mshauri hupiga simu benki mwenye nyumba akiwa papo hapo. Kazi hii ina msingi katika kifungu cha 106 cha Sheria ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson mwezi Agosti 1968, miezi michache baada ya sheria ya Aprili mwaka huohuo iliyopiga marufuku ubaguzi katika uuzaji na upangishaji wa nyumba. Sheria hizo mbili zinakamilishana. Haki ya kupanga nyumba popote haimfai sana mtu asiyejua alichokitia saini.

Msimamizi ni Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, HUD. Taasisi inayotaka kutambuliwa iwe ya serikali au isiyo ya faida, na iwe na uzoefu wa angalau mwaka mmoja wa kuendesha ushauri wa makazi. Sharti hilo pekee linatosha kuthibitisha hoja yangu: hata wizara haitaki kumpa fedha asiyewahi kuifanya kazi. Tena, tangu Agosti 2021, mshauri anayetoa huduma chini ya programu hii lazima awe amefaulu mtihani unaohusu usimamizi wa fedha za nyumbani, utunzaji wa nyumba, wajibu wa mmiliki na mpangaji, sheria za kupinga ubaguzi, uwezo wa kumudu gharama, na njia za kuepuka kunadiwa nyumba au kufukuzwa. Mtihani hautolewi kwa Kiswahili. Kijana wetu anayejua Kiswahili cha Uvira au cha Tanga itambidi aufanye kwa lugha nyingine, na maandalizi yake yana gharama. Gharama hiyo iingizwe kwenye bajeti ya ombi, isiachwe mfukoni mwa kijana.

Mwaka 2011 una funzo kubwa kwa anayetegemea ruzuku peke yake. Mwaka mmoja kabla, Bunge la Marekani lilikuwa limeitengea programu hii dola milioni 87.5. Katika bajeti ya 2011, nyumba zikiendelea kunadiwa kwa madeni nchi nzima, fedha hizo zilifutwa zote. Zikabaki sifuri. Mwaka uliofuata zilirudishwa dola milioni 45, yaani karibu nusu tu. Fikirini maana yake kwa ofisi ndogo ya mtaani yenye washauri watatu. Deni la nyumba la kawaida ni la miaka 30, ruzuku ni ya mwaka mmoja au miwili, na mshauri aliyeachishwa kazi huondoka na imani ya wateja wake pamoja na majina ya maofisa wa benki aliowazoea. Vitu hivyo havirudi kwa sababu Bunge limerudisha nusu ya fedha.

Wala hakuna anayeweza kusema huduma hii haina faida. Desemba 2007 Bunge lilikuwa limetenga dola milioni 180 za dharura kwa ushauri wa kuzuia minada, zikapitia shirika la NeighborWorks America. Watafiti wa taasisi ya Urban Institute waliofuatilia kazi hiyo baadaye walikuta kwamba waliopata mshauri walikuwa na nafasi karibu mara tatu ya wenzao ya kurekebishiwa masharti ya mkopo. Fedha zilikatwa licha ya manufaa hayo, kwa sababu jambo lisilo na mtetezi wa karibu ndilo rahisi kukatwa.

Jiji lililonifundisha namna ya kujenga utetezi huo ni Philadelphia. Mwanzoni mwa 2008, minada ya nyumba ilipozidi, Baraza la Jiji lilipitisha azimio la kuomba mnada wa Aprili usimamishwe, na Sherifu John Green akausimamisha. Kilichofuata ndicho cha kuigwa. Mahakama, kwa juhudi za Jaji Annette Rizzo na wenzake, ilianzisha utaratibu kwamba nyumba anayoishi mwenyewe haipigwi mnada mpaka pande mbili zikutane ana kwa ana. Mwenye nyumba alipiga simu kwenye namba ya bure, akapangiwa mshauri, wakaandaa hesabu pamoja, kisha siku ya kikao wakaingia ukumbi wa mahakama ndani ya City Hall, ambako wakili wa benki alikuwa akisubiri. Mawakili wa kujitolea walikuwepo. Jaji alikuwa karibu.

Tazameni mshauri alivyowekwa. Hakuachwa ofisini akingoja watu. Aliwekwa mahali uamuzi unapotolewa, na bila kikao chake mnada haukusonga. Jiji lililipia washauri na likalipia pia watu wa mitaani waliobisha hodi kwenye nyumba zilizokuwa kwenye orodha, kwa sababu mtu aliyeelemewa na deni mara nyingi hafungui barua, lakini jirani anayemfahamu atamfungulia mlango. Tathmini ya shirika la The Reinvestment Fund ya 2011 ilionyesha kwamba takriban asilimia 70 ya waliostahili walishiriki. Mnaofanya kazi za jamii mnajua ugumu wa kuwafikisha watu kwenye mkutano wowote unaohusu madeni. Asilimia hiyo ni kubwa mno.

Sasa niwageukie watu wetu. Katika miji kama Lexington, Kentucky, Kiswahili ni miongoni mwa lugha kubwa za majumbani mwa wanafunzi wa shule za umma baada ya Kiingereza, kikitanguliwa na Kihispania. Wengi ni Wakongomani waliopitia kambi kama Nyarugusu mkoani Kigoma, Nakivale kule Uganda, au Kiziba nchini Rwanda. Kambini mtu anaweza kulea watoto hadi wakawa watu wazima bila kuweka saini mkataba wa pango hata mara moja. Akifika Marekani anaandikiwa kurasa nyingi wiki ya kwanza. Shirika la mapokezi limekuwa likimshika mkono kwa siku 90 za mwanzo, kisha kodi, amana, faini ya kuchelewa na notisi ya kuhama vyote vinabaki juu yake. Anayemsomea notisi hiyo mara nyingi ni mtoto wa darasa la sita. Jambo hili linaniumiza kuliko yote niliyoyataja leo. Mtoto hapaswi kuwa wa kwanza kujua kwamba familia yake inafukuzwa, wala kuchagua maneno ya kumwambia mama yake.

Kuna pia ndugu zetu Waislamu kutoka Zanzibar, Mombasa na Lamu wanaopanga miaka yote kwa sababu hawataki riba. Wapo wafanyabiashara wanaouza nyumba bila riba, kwa mikataba ya murabaha, yaani kuuza kwa faida iliyotajwa wazi, au ya ubia unaopungua. Mshauri asiyeifahamu mikataba hiyo hawezi kuwasaidia kulinganisha gharama, na atawaacha kwa mfanyabiashara wa kwanza atakayejiita halali.

Kwa hiyo, jiji lenu likiandika ombi, naomba fedha za ruzuku zielekezwe kwenye mishahara ya washauri wa ziada, mafunzo na ada za mtihani, na malipo ya wakalimani watu wazima wanaolipwa kwa saa. Mshahara wa mshauri wa kwanza ubaki kwenye bajeti ya jiji yenyewe. Fedha za serikali kuu za maendeleo ya jamii, ziitwazo CDBG, ambazo majiji makubwa hupata kila mwaka tangu sheria ya 1974, zinaweza kuchangia, ingawa zina ukomo wa asilimia 15 kwa huduma za jamii na vituo vya watoto na wazee navyo vinazigombea. Kabla ya ombi kuandikwa, jiji likae na mahakama inayosikiliza kesi za wapangaji na kukubaliana, kwa maandishi, mshauri atakaa wapi siku ya kesi na ataitwa saa ngapi. Makubaliano hayo yaambatanishwe. Nanyi viongozi wa jumuiya, msisubiri kuitwa kutoa maoni rasimu ikiwa imekwisha kupelekwa: ombeni kuiona mapema, muangalie ukurasa wa bajeti, na kama mstari wa wakalimani haumo, uandikwe kabla Meya hajaweka saini.