Bastola Inayopokea Nuru

Somo letu latoka Kutoka 34, kuanzia mstari wa 29.

Wengi wetu tuliokuwa watoto miaka ya 1990 twaukumbuka mchezo wa televisheni uitwao Duck Hunt, uliotolewa na kampuni ya Nintendo huko Japani mwaka 1984. Bata wanaruka kwenye kioo, nawe umeshika bastola ya plastiki. Kila zamu una risasi tatu tu. Ukikosa, mbwa huinuka majanini akakucheka. Tulifumba jicho moja, tukaamini kwamba kuna kitu kinachotoka katika bastola na kumpiga bata.

Kumbe hakitoki kitu. Ndani ya bastola mna kifaa kidogo kinachohisi mwanga. Ukifyatua, kioo chote huwa cheusi kufumba na kufumbua, kisha mahali alipo bata hutokea alama nyeupe. Bastola ikiuona weupe ule, bata huanguka. Kazi yake yote ni kuelekea na kupokea nuru.

Siku hizi wako wautoao mchezo huo kabatini ili kuwaonyesha watoto wao. Huiunganisha mashine na televisheni mpya, zile bapa. Hulenga vyema, hufyatua, wala bata haanguki. Bastola ni nzima na mkono hautetemeki. Ila televisheni hizi huchelewesha picha kidogo, na bastola inapotazama, nuru inayoingojea haijafika.

Ndugu msikilizaji, huenda nawe umefika hapo. Wewe ni mwalimu wa shule ya Jumapili, au mzee wa kanisa, au mama unayemwonya mwana aliyeacha ibada. Umesema sana, na kila neno umelilenga sawasawa, lakini moyo wake haujaguswa. Usiku mshitaki wetu anakucheka kama mbwa yule, nawe wasema, "Nitaongeza bidii." Je, ni lini ulipokaa mara ya mwisho mbele za Mungu kwa utulivu?

Mtazame Musa. Alikaa mlimani na Bwana siku 40, mchana na usiku. Aliposhuka, watu waliuona uso wake uking'aa, hali yeye mwenyewe hana habari. Nuru ile haikuwa ya bidii yake. Aliipata kwa kukaa na Mungu.

Basi kesho asubuhi, kabla hujamwambia mwanao neno lingine, fungua Biblia yako, ukae dakika 10 ukimwelekea Bwana. Pengine mwanao hatarudi kanisani juma hili. Lakini atakapokutazama, ataona uso wa mtu aliyekuwa na Mungu.

Tuombe. Ee Bwana, tumechoka kwa kutegemea nguvu zetu. Utugeuze tukuelekee wewe, utuangazie sisi na watoto wetu, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.