Wavuvi wa Pwani na Bahari Iliyofungwa

(Hotuba kwa wanachama wa Thika na Ruiru)



Labda mwajiuliza mtu wa reli ana habari gani na samaki. Lakini omena inapopanda bei sokoni Thika sote twanung'unika. Sababu moja ni kwamba uvuvi wa omena katika Ziwa Victoria, upande wa Kenya, hufungwa kutoka Aprili mpaka mwisho wa Julai, ili wapate kuzaana. Sisi twaona bei tu. Mvuvi aliyekaa miezi minne bila kazi hatumwoni. Leo nitasema juu ya wenzake wa Pwani, ambao kwao kuna mahali palipofungwa moja kwa moja.

Mwaka 1968 Serikali ilifanya mbuga za bahari Malindi na Watamu, na mwaka 1986 ikafanya ya Mombasa. Ndani ya mbuga hakuna kuvua kabisa, hata kwa mshipi. Katika eneo la akiba lililo kando yake mvuvi anaruhusiwa zana za jadi, kama mshipi na malema.

Sasa sikilizeni yaliyotokea Mombasa. Mbuga ile ilichukua zaidi ya nusu ya mahali walipokuwa wakivua watu wa karibu. Wataalamu walipopima baadaye walikuta samaki wameongezeka na kuvuka mpaka, na mvuvi aliyebaki anapata zaidi kwa siku kuliko zamani. Lakini wavuvi wengi walikuwa wamekwisha ondoka, na jumla ya samaki waliofika ufuoni ilipungua. Anayeisifu mbuga husema habari ya kwanza, anayeilaumu husema ya pili. Zote mbili ni kweli. Mimi nauliza, wale walioondoka walipewa nini?

Tena kuna habari ya juya, lililopigwa marufuku mwaka 2001. Amri hiyo ni ya haki, maana juya hukokota chini, huvunja matumbawe na kuzoa samaki wachanga. Lakini nani anayelivuta? Si mwenye juya! Ni vijana wasio na dau wala ngalawa, vibarua hasa, wanaogawana kilichobaki baada ya mwenyewe kutwaa fungu lake. Na wale samaki wadogo hununuliwa na akina mama karanga, ambao huwakaanga na kuwauzia watu wa kipato kidogo. Ukimnyang'anya kibarua juya bila kumpa mshipi wala chombo, atarudi usiku. Ndiyo sababu juya liliendelea kuvutwa mahali pengi na sheria ipo.

Sisi njia ikifungwa ili kugeuza mataruma, watu hawaambiwi wakae nyumbani bila mshahara kwa kuwa treni haikupita.

Mwaka 1995 Serikali ilitangaza eneo la akiba Diani na Chale. Wavuvi waliona wameamuliwa tu, wakapinga kwa nguvu, na jambo lile halikusimama. Lakini kule Kuruwitu, katika Kilifi, wavuvi wenyewe walikaa, wakabishana, wakafunga kipande cha bahari cha kama hektari 30 mwaka 2005 hivi. Wanakiita tengefu. Ni wao waliochagua mahali, na ni watu wao wanaolinda. Samaki walirudi, wageni wakaja kutazama na kulipa, na mwaka 2017 walipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Tofauti ya Diani na Kuruwitu si samaki, ndugu zangu. Ni nani alikaa mezani.

Tangu mwaka 2007 sheria imewapa wavuvi vikundi vya kusimamia fuo zao, viitwavyo BMU, vyenye halmashauri za kuchaguliwa. Basi ninyi wenye jamaa Kilifi, Kwale au Kisumu, mkiwapigia simu waambieni hata mvuta nyavu za mwenziwe ajiandikishe, na mama karanga pia. Halmashauri ya wenye vyombo peke yao itaandika sheria za wenye vyombo.

Mwenyekiti amenipa dakika kumi za maswali. Nadhani ndugu wa Ruiru pale nyuma ameinua mkono.