Nyumba ya Camden Road: Mhadhara juu ya Wanafunzi wa Afrika Magharibi mjini London



Katika ukumbi huu huu, mwaka jana, mwenzangu mmoja ambaye ilimu yake naiheshimu alitueleza, kwa ufasaha ambao mimi sikujaaliwa, kwamba vijana wa Kiafrika waliosoma ng'ambo zama za ukoloni hawakuwa na fikra yao wenyewe. Kwamba uhuru waliukuta katika madarasa ya London, wakaunakili pamoja na hotuba za walimu wao, kisha wakarejea nao makwao. Siku ile nilinyamaza, kwa kuwa wakati ulikuwa umekwisha na wasikilizaji walikuwa wakiinukia chai. Leo nimepewa saa nzima, nami nakusudia kuitumia.

Historia ya jumla, tangu vyama vya kwanza vya wanafunzi hata mkutano wa Manchester wa Oktoba 1945, mnaijua, wala sitaikariri. Nataka tumtazame mtu mmoja na nyumba moja.

Ladipo Solanke, Myoruba wa Abeokuta, alifika Uingereza mwaka 1922 kusomea sheria, naye hakufika mikono mitupu: alikuwa amekwisha kuhitimu chuo cha Fourah Bay, Sierra Leone. Mwaka 1924, wakati wa Maonyesho ya Dola pale Wembley, magazeti ya London yalipowaandika watu wa Afrika Magharibi kwa kejeli na uzushi, Solanke alishika kalamu akayajibu. Na mwaka ule ule, akishirikiana na Amy Ashwood Garvey, bibi wa Jamaica, akaunda chama cha Wanijeria. Tarehe 7 Agosti 1925, yeye na Dakta Herbert Bankole-Bright wa Sierra Leone waliwakusanya wanafunzi wapatao 21, wengi wao wa sheria, wakaasisi West African Students' Union, maarufu kwa jina la WASU. Miongoni mwa marais wake wa mwanzo alikuwa J. B. Danquah, na mlezi wa chama alikuwa Casely Hayford, mmoja wa wale waliouitisha mkutano mkuu wa Afrika Magharibi ya Kiingereza mjini Accra mwaka 1920. Mwenzangu alitaja majina ya maprofesa wengi, lakini mwaka huo 1920 hakuutaja hata mara moja. Kama fikra ilizaliwa London, basi ilikuwaje mlezi wake akawa ameshailea Accra miaka mitano kabla?

Tuje katika fedha, kwani fedha hazijui kusema uongo kama wasemavyo wanachuoni. Tangu 1929 hata 1932 Solanke alizunguka Afrika Magharibi, mji kwa mji, akikusanya michango na kufungua matawi, na katika safari hiyo ndipo alipompata mkewe, Opeolu. Kwa michango ile ilifunguliwa, mwaka 1933, dahalia ya Camden Road, nambari 62. Mwanafunzi mweusi aliyekuwa akibisha milango ya London na kuambiwa kwamba chumba kimekwisha kuchukuliwa, sasa alikuwa na mahali pa kulala, pa kusoma magazeti ya kwao, na pa kula wali wa jollof na mchuzi wa karanga uliopikwa na Bibi Opeolu Solanke.

Sasa naomba subira yenu, maana nimefika kwenye kijitabu ambacho wanafunzi wangu wameshachoka kunisikia nikikitaja. Wizara ya Makoloni, ilipoona nyumba ile inasimama bila ya idhini yake, iliunga mkono nyumba nyingine, iliyopewa jina la marehemu Aggrey wa Gold Coast na kufunguliwa Doughty Street mwaka 1934. WASU waliisusia, wakachapisha risala ambayo tangu jalada lake inatangaza kuwa ni ufichuzi wa mpango wa Serikali wa kuwatawala wanafunzi wa Kiafrika. Aisomaye akitaraji falsafa ya haki za binadamu atasikitika. Shauri lake ni la nyumba: nani atakayeiendesha, na kwa nini Serikali ijenge dahalia ya pili pale ambapo Waafrika wamekwisha kujenga ya kwanza. Kwangu mimi hiyo ndiyo hoja ya uhuru iliyo kamili kuliko zote za zama zile, kwa sababu haiombi uhuru wa kesho, inautetea ule uliokwisha kushikwa mkononi.

Nayasema haya kwa kujua. Ujanani, nikisoma nchi ya ugeni, nilikabidhiwa daftari la mahesabu ya jiko la dahalia yetu, kwa sifa moja tu, kwamba sikuwa nikidaiwa na mtu. Ilipoingia Ramadhani pakazuka swali: je, wafungao walipe chakula cha mchana wasichokila? Tulijadiliana hata usiku wa manane, pakaundwa halmashauri, pakapigwa kura, na walioshindwa wakanunua jiko lao la mafuta ya taa wakajitenga chumba cha juu. Nimesoma vitabu vingi vya katiba tangu siku ile. Hakuna kilichonifunza zaidi.

Insafu yanidai nikiri kuwa nyumba ya Camden Road iliandamwa na madeni, na kwamba WASU walipohamia South Villas mwaka 1938 walikwisha kupokea pia fedha za Wizara ile ile waliyoishambulia. Mwenzangu atasema: hiyo ndiyo hujja yangu. Nimeipima, nami naiona nyepesi, kwani Agosti 1941 ni katika hafla ya WASU ambapo Clement Attlee, Naibu wa Churchill, alisema kwamba misingi ya Mkataba wa Atlantiki ni ya watu wa rangi zote. Na Churchill alipoupunguzia Mkataba huo upeo wake mwezi uliofuata, wapangaji wale hawakurudi nyuma. Mwaka 1942 walidai serikali ya ndani mara moja, na uhuru kamili katika miaka mitano baada ya vita. Ruzuku ilipokewa, lakini ulimi haukununuliwa. Kwame Nkrumah alipofika London mwaka 1945 akawa makamu wa rais wa chama hicho, alikuta dai limekwisha kuandikwa.

Solanke alifariki London mwaka 1958, Ghana ikiwa huru na Nijeria ingali ikisubiri. Vitabu vyetu vinamtaja kwa ufupi, na Bibi Opeolu kwa ufupi zaidi, hali yeye ndiye aliyewalisha mawaziri wa kesho. Mwenzangu akitaka kunijibu, mlango wake na wangu yatazamana. Ila kwanza anitajie ni profesa gani wa London, na katika somo gani, aliyewafundisha vijana wale kuisusia nyumba ya Aggrey.