Kuokoka Mbele ya Jirani

Mkristo wa leo akiulizwa ibada ni nini, aghalabu hujibu kwamba ni yeye na Mungu wake. Afrika Mashariki ina deni kwa watu walioieneza imani hiyo ya moyoni, yaani wana-Uamsho, wafuasi wa vuguvugu la kuokoka lililosambaa katika miaka ya 1930. Ila wao hawakumaanisha faragha. Dai la mhadhara huu ni kwamba, kwao, uhusiano wa mtu na Mungu ulikuwa jambo ambalo jirani ana haki ya kulikagua.

Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe, Kampala, daktari Mwingereza Joe Church alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi. Church alitoka Gahini, mashariki mwa Rwanda, akiwa hoi baada ya njaa kubwa iliyoikumba nchi hiyo. Wakaketi, wakasoma Biblia, wakaomba. Kwa ukoloni wa siku zile, mzungu kumwendea Mwafrika kama mhitaji wa roho halikuwa jambo dogo.

Baadaye Yosiya Kinuka, mhudumu wa hospitali ya Gahini, alimpelekea Nsibambi malalamiko kuhusu hospitali. Nsibambi hakumbembeleza: alimtaka auchunguze kwanza moyo wake mwenyewe. Kinuka akarudi kazini mtu mwingine, na katika miaka ya 1930 Uamsho ukasambaa Rwanda, Uganda, Kenya na Tanganyika. Waganda wakawaita wana-Uamsho Balokole, yaani waliookoka.

Kuokoka kulikuwa na gharama. Aliyeiba alirudisha, aliyekosana na mtu alimfuata. Katika mikutano yao ya ushirika dhambi ilitajwa kwa jina, wala si kwa mafumbo. Huko kuungama waziwazi ndiko walikokuita kutembea nuruni. Wamisionari nao wakaungama kiburi chao mbele ya Waafrika. Pengine wapo walioungama kupita kiasi, na wakuu wa kanisa hawakukosa sababu ya kunung'unika. Mwaka 1941 chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi 26, akiwamo William Nagenda, baada ya mvutano juu ya sala zao za alfajiri na mahubiri yao. Hata hivyo wana-Uamsho wengi hawakuanzisha dhehebu. Walibaki ndani ya makanisa yaliyowachoka.

Mwaka huohuo wa 1941 aliokoka mwalimu kijana wa Kigezi, Festo Kivengere. Akapanda baiskeli, akaenda mbali kumwomba radhi Mwingereza ambaye yeye Kivengere alikuwa akimchukia. Alifundisha Dodoma, na mwaka 1972 akawa askofu wa Kigezi. Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum, naye mwana-Uamsho, aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Kivengere akakimbia nchi, na huko uhamishoni akatoa kitabu ambacho jina lake lilitangaza kwamba anampenda Amin. Asiyejua habari ya ile baiskeli ataona ni dhihaka.

Kenya nako, katika miaka ya 1950, wana-Uamsho wengi wa Kikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau na kukataa pia bunduki za serikali ya kikoloni. Baadhi yao waliuawa.

Lakini ipo Rwanda ya mauaji ya kimbari ya 1994. Katika nchi ileile ya Gahini, watu waliokimbilia makanisani waliuawa humohumo, na miongoni mwa wauaji walikuwamo waumini. Wapo waliookoka waliowaficha majirani, lakini hawakutosha. Kwa maoni yangu, kuungama wizi wa sukari ni rahisi kuliko kuungama chuki ya kabila, na ushirika mwingi uliishia kwenye sukari.

Leo makanisa yetu yana vikundi vya kusifu na kuabudu, vyenye vyombo vizuri na nyimbo nyingi za "mimi na Yesu wangu". Viimbe. Ila wachungaji warudishe na ushirika wa katikati ya wiki, na mwenye deni, au chuki na watu wa kabila fulani, apewe nafasi ya kusimama na kulisema hilo mbele ya wanaomfahamu.