Zege la Warumi na kutu ya nondo

Tarehe 14 Agosti mwaka 2018, mvua kubwa ikinyesha, sehemu ya daraja la Morandi mjini Genoa, Italia, iliporomoka na kuua watu 43. Daraja hilo lilifunguliwa mwaka 1967. Katika nchi hiyo hiyo, mjini Roma, kuba la Pantheon, lenye upana wa mita 43, lingali limesimama tangu enzi za Kaisari Hadrian, karibu miaka 1,900 iliyopita, wala ndani yake hamna nondo hata moja.

Je, mafundi wale walijua nini? Walichanganya chokaa na majivu ya volkano, yakiwemo yaliyochimbwa kando ya ghuba ya Naples, huko Pozzuoli. Chokaa yenyewe ni mawe yaliyochomwa, kama wenyeji wa Lamu na Unguja walivyochoma matumbawe. Mchanganyiko huo huganda hata chini ya maji. Mwaka 2017 watafiti wakiongozwa na Marie Jackson wa Chuo Kikuu cha Utah walieleza kwamba maji ya bahari yakipenya katika magati ya Kirumi huzalisha fuwele mpya zinazoyakaza. Mwaka 2023 watafiti wengine wakaonyesha kwamba vile vipande vyeupe vya chokaa, vilivyodhaniwa kuwa dalili ya uzembe, huyeyuka maji yaingiapo katika ufa, kisha huuziba.

Zege letu, kinyume chake, limembeba adui tumboni. Nondo hushika kutu, kutu huvimba, zege hupasuka, na maji huzidi kuingia. Huko Genoa, chuma kilicholiwa kilikuwa kimefichwa ndani ya zege, mahali pasipoonekana kwa macho.

Hata hivyo, tusiwaonee wahandisi wa leo. Pantheon haipitiwi na malori. Zege huhimili kugandamizwa; halihimili kuvutwa, na bila chuma hakuna daraja refu wala jengo la ghorofa ishirini. Tena tunayoyasifu ni yale yaliyosalia. Nyumba za kupanga za Roma, zilizokuwa zikiwaangukia wapangaji, hazipo kutoa ushahidi. Penye gati au ukuta wa bahari, ambako nondo yaweza kuepukwa, mimi naona ujuzi wa Warumi wastahili kujaribiwa upya.

Daraja jipya la Genoa lilizinduliwa Agosti 2020. Limewekewa roboti za kulikagua, na mitambo ya kukausha hewa ndani yake, ili unyevu wenye chumvi usije ukala chuma.